Mzee wetu anatunzwaje?

Wasikilizaji wa Lubumbashi, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliopigana Saïo, Ethiopia, mwaka 1941 karibu wote wametutoka. Waliowafuata jeshini ndio wazee wetu leo. Mzee aliyezoea nidhamu ya kambi mara nyingi halalamiki, kwa hiyo tuangalie wenyewe.

Mkienda nyumba ya wazee, fikeni saa ya chakula. Bukari huja moto, au baridi? Nani anamlisha asiyeweza kushika tonge? Kisha, kwa ruhusa ya mzee wenu, mguseni visigino na kiuno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda cha kulalia hauonekani vizuri. Kikianza, mtasikia joto au ugumu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa chache, hata usiku. Na mwezi wa saba, baridi ikikaza, ana blanketi ngapi? Mkikuta kasoro, muulizeni muuguzi mkuu palepale, kwa heshima, na jibu lake mliandike.