Sindano au Jeli? Mazungumzo na Kikundi cha Wanaume

Jambo hili wanaume hunong'onezana tu, basi leo tuliseme wazi. Wako watu ambao korodani zao hazitoi homoni ya kiume ya kutosha, na daktari amewapima damu asubuhi, tena zaidi ya mara moja, akathibitisha. Hao ndio ninaosema nao. Uchovu wa shamba peke yake si ugonjwa huo.

Sindano ya kawaida hudungwa kila wiki 2 au 3. Siku za kwanza mtu hujisikia ana nguvu, halafu dawa ikikaribia kuisha anakuwa mnyonge, tena mkali kwa mama watoto. Pia yaweza kuzidisha chembe nyekundu, damu ikawa nzito. Kwa hivyo lazima ipimwe mara kwa mara.

Jeli hupakwa begani, na kiasi chake mwilini hakipandi na kushuka namna hiyo. Lakini bei! Na ni kila siku, sio ukikumbuka. Halafu jamani, sisi hubeba watoto kifuani. Dawa ikimgusa mtoto anaweza kuota nywele za siri kabla ya wakati. Nawa mikono kwa sabuni, iache ikauke, vaa shati. Nyumba yenye watoto wadogo au mama mjamzito, mimi ningechagua sindano.

Kijana anayetafuta mtoto asianze hata moja: zote mbili hupunguza mbegu. Amwambie daktari hivyo kwanza, maana kuna dawa nyingine.