Lugha na Sera: Funzo la Kirusi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili



Kila mwaka wa masomo unapoanza, hunijia mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya lugha na swali lile lile: "Mwalimu, nikihitimu niiache lugha nikasome uhusiano wa kimataifa?" Swali hili limejengwa juu ya dhana kwamba lugha ni ngazi tu, na kwamba aliyekwisha kufika darini haihitaji tena. Katika mhadhara huu ninakusudia kuihoji dhana hiyo. Mfano nitakaoutumia si wa Kiswahili, bali wa Kirusi kama kilivyosomeshwa Marekani, kwa kuwa huko suala la kuunganisha lugha na sera limejaribiwa kwa muda mrefu.

Mnamo mwaka 1946, Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha taasisi ya taaluma za Kirusi ambamo wanafunzi wa uzamili walisoma lugha sambamba na historia, uchumi, sheria na siasa. Baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya mwaka 1958 iliyogharimia ufundishaji wa lugha za kigeni. Kiswahili chenyewe kilifaidika na sheria hiyo. Yaani, baadhi ya madarasa ya Kiswahili ng'ambo yalifadhiliwa kutokana na hofu iliyozaliwa angani.

Baadaye ulijitokeza utaratibu wa kuunganisha shahada mbili. Mwanafunzi wa Kirusi, akiwa bado katika shahada ya kwanza, huanza kuchukua baadhi ya kozi za uzamili katika sera za kimataifa. Kozi hizo huhesabiwa pande zote mbili, naye humaliza kwa miaka mitano badala ya sita. Faida ya kwanza ni ya mfukoni: ada ya mwaka mmoja huokolewa. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni ya kitaaluma, nami nitaieleza kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni neno *bezopasnost*. Mrusi hulitumia kwa mtambo wa nyuklia usiolipuka kwa ajali, na pia kwa mtambo usioweza kuvamiwa na wezi au magaidi. Kiingereza kina maneno mawili kwa dhana hizo. Kirusi, kama Kiswahili chetu na neno "usalama", kina moja. Ndiyo maana katika nyaraka za Kirusi za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huongezwa kivumishi chenye maana ya "kimaumbile" ili kuitambulisha maana ya pili. Mtaalamu wa sera asiyejua Kirusi hatatambua kwamba mjadala umehama kutoka ajali kwenda uvamizi. Na mjuzi wa Kirusi asiyejua sera hatajua kwa nini uhamaji huo una uzito.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, Ukraine, Urusi, Uingereza na Marekani zilitia saini hati iliyoambatana na Ukraine kuachana na silaha za nyuklia zilizokuwa katika ardhi yake. Matini za Kiingereza, Kirusi na Kiukreni zilipewa hadhi sawa. Hata hivyo, matini ya Kiingereza ilitumia neno lililo karibu na "hakikisho", kwa kuwa Wamarekani walikusudia kukwepa ahadi ya kupeleka majeshi. Matini za Kirusi na Kiukreni zikatumia neno *garantii*. Msemaji wa Kiswahili ataiona tofauti mara moja: atoaye hakikisho ametoa kauli yake, na awekaye dhamana ameweka mali yake. Urusi ilipoitwaa Krimea mwaka 2014, na ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote mwaka 2022, pengo kati ya maneno hayo mawili halikuwa tena suala la kamusi.

Wapo watakaonijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hoja hiyo ina ukweli. Kwa makadirio ya chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, Kirusi huhitaji takriban wiki 44 za masomo ya kutwa, na Kiswahili takriban 36. Mwaka uliookolewa katika ada unaweza kuwa mwaka uliopotea katika lugha. Aidha, tangu mwaka 2022 wanafunzi wengi wa Kimarekani wa Kirusi wamepelekwa Kazakhstan, Georgia na kwingineko badala ya Urusi. Na taasisi zenyewe si za kudumu: ile ya Monterey, California, iliyoanzishwa mwaka 1955 na kusifika kwa kuunganisha lugha na sera, ilitangaziwa mwezi Agosti 2025 kwamba masomo yake ya uzamili ya ana kwa ana yangefungwa hatua kwa hatua, kwa sababu za kifedha.

Je, funzo kwetu ni lipi? Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kuanzia hapo, itabidi mikataba iandikwe, ifasiriwe na kubishaniwa kwa Kiswahili. Ni nani atakayeamua kama kifungu kiseme "hakikisho" au "dhamana"? Tukiwaachia wanasheria wasioijua lugha kwa kina, au wanaisimu wasiowahi kusoma mkataba hata mmoja, tutakuwa tumejiandalia Budapest yetu.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi aliyeniuliza, jibu langu ni hili: usiiache lugha. Nenda nayo. Lakini uiongezee muda, usiupunguze. Nasi wahadhiri tunawiwa kumjengea njia ya kupita, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.