Dhahabu nyekundu mezani pa maabara

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kukariri kwamba nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, akapata alama zake zote, na bado asiione maana yake. Mpe badala yake bika la maji yenye chumvi ya dhahabu, ya njano hafifu. Ayachemshe, amimine sitreti ya sodiamu, asubiri. Njano inatoweka, weusi unajitokeza, kisha baada ya dakika chache maji yanatulia kwenye wekundu uliokolea kama juisi ya rozela. Ni dhahabu hiyo, ila chembe zake zina upana wa nanomita 20 hivi. Akitia chumvi ya mezani, chembe zinashikana na wekundu unageuka buluu. Hapo swali la kwa nini linamtoka mwenyewe.

Njia hii John Turkevich na wenzake waliichapisha mwaka 1951, na haihitaji mashine ya mamilioni. Mstari mwekundu unaouona zahanati kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi ni chembe za dhahabu za aina hiyohiyo.

Kule Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji linalotumia nanoteknolojia, likashinda tuzo ya uhandisi barani Afrika mwaka 2015. Kwa nini basi kijana asubiri shahada ya uzamili ndipo aguse kazi ya nanoteknolojia? Vyuo vianze nayo mwaka wa kwanza, na mtihani umpime kwa alichokiona na kukieleza kwa maneno yake.