Beringi za Magurudumu ya Gari la Mazao: Maongezi na Wakulima wa Ukonga

Ndugu wakulima,

Mmezoea kunisikia nikisema habari za mbegu, samadi na palizi. Leo nataka kusema juu ya gari lipelekalo mazao sokoni. Msishangae, maana kazi ya shamba haiishii shambani. Muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika kwa muda wa siku mbili au tatu, na mchicha hunyauka siku ile ile ukipigwa na jua. Gari likikwama baina ya Chanika na soko la Buguruni, jasho lenu la miezi mingi limekwenda bure.

Nimepata kuona pikapu imelala kando ya barabara pale Gongo la Mboto, gurudumu la mbele limechomoka, na muhogo umemwagika mtaroni. Kwa bahati hakuumia mtu. Mwenyewe aliniambia kwamba alisikia mngurumo kwa muda wa wiki mbili, akadhani ni tairi.

Beringi ni pete mbili za chuma, na katikati yake mna gololi au vijiti vya chuma. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari na kuliacha gurudumu lizunguke kwa wepesi. Adui zake ni vumbi, maji na kukosa grisi. Wakati wa masika, mkivuka madimbwi hali habu ina moto, maji huweza kupenya ndani na kuiharibu grisi.

JINSI YA KUTAMBUA

Kwanza, sikilizeni. Beringi mbovu hunguruma, na mngurumo huzidi kadiri mwendo unavyozidi. Kelele ya tairi hubadilika mkitoka lami kuingia mchangani. Ya beringi haibadiliki sana. Mkikata kona kwenda kulia na sauti ikazidi, shukuni gurudumu la kushoto, kwani ndilo lililolemewa.

Pili, pimeni joto. Mkifika mwisho wa safari, sogezeni mkono karibu na kila habu, lakini msiishike. Ikiwa moja ina moto kuliko ya upande wa pili, beringi ni mbovu au breki imeganda.

Tatu, tikiseni. Zuieni magurudumu mengine kwa mawe, inueni gari kwa jeki, mliegemeze juu ya gogo imara. Jeki peke yake haitoshi. Shikeni tairi juu na chini, mvute na kusukuma. Likicheza, mwenzenu akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi imelegea au imekwisha. Usipoisha, tazameni viungo vinavyolishika gurudumu.

JINSI YA KUBADILISHA

Ondoeni gurudumu na breki, kisha kifuniko cha habu, pini na nati. Vuteni habu, osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, mkaushe. Beringi yenye vishimo, mikwaruzo au rangi ya buluu haifai tena. Nunueni beringi kamili, maana pete ya nje na sehemu ya ndani ni jozi; mpya ikiwekwa pamoja na kuukuu haidumu. Pete ya nje igongeni kidogo kidogo pande zote kwa kipande cha shaba, hata ikae sawasawa. Sili nayo iwe mpya. Wekeni kiganjani grisi ya beringi za magurudumu, mkaishindilie ndani mpaka itokee upande wa pili. Isiguse breki.

Kazeni nati huku mkizungusha habu, halafu ilegezeni, mkaze tena kwa vidole tu. Mtu asitumie nguvu zake zote: beringi iliyobanwa mno huungua. Fungeni kwa pini mpya. Baada ya safari ya kwanza, pimeni joto tena.

Magari mengi ya siku hizi yana beringi zilizozibwa, ambazo huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Hizo msizigonge kwa nyundo, bali zipelekeni kwa fundi.

Ndugu zangu, kila asubuhi mnazunguka shamba kutafuta viwavi. Likagueni na gari vivyo hivyo, kabla ya masika na baada yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.