MAGOTI YA MZEE NA UNGA MWEUPE

(Mazungumzo ya mwanachama mstaafu, aliyoyatoa Mombasa mbele ya mkutano wa wanachama wanaokaribia kustaafu. Tumeyachapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Bwana Katibu aliponiomba nizungumze juu ya afya ya wazee, nilimwambia mimi si daktari, mimi ni mchukuzi. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo sababu ananitaka, maana daktari akija wanachama husinzia. Basi msisinzie.

Wengi wenu mnanifahamu. Niliandikwa kazi bandarini mwaka 1980, nikastaafu mwaka 2018 nilipotimiza miaka 60. Katika miaka yangu ya mwanzo magunia yalikuwa bado yanapita mabegani mwa watu: sukari, mchele, saruji, mbolea. Baadaye makontena yakazidi, nami nikahamishiwa kazi nyingine, lakini magoti yalikuwa yamekwisha kuandika hesabu yao. Mwaka mmoja baada ya kustaafu sikuweza tena kushuka ngazi ya nyumba yangu ila kwa kwenda kinyumenyume, mkono ukutani. Wajukuu wakadhani ni mchezo, wakaniiga.

Kila mtu alinipa sababu yake. Jirani alisema ni baridi ya usiku. Mwingine alisema ni uzee tu, nivumilie. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinunua vidonge vya maumivu dukani, viwili asubuhi na viwili usiku, mpaka tumbo likaanza kuniwaka. Ndipo nikaenda kliniki. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, na hakuanza na goti. Alinitoboa kidole akapima sukari, akanipandisha kwenye mizani, kisha akaniuliza, "Baba, tangu asubuhi mpaka usiku unakula nini?"

Nilikasirika kidogo. Nimekuja na goti, naulizwa habari za chai. Lakini nikajibu. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari, na mahamri manne. Saa nne chai nyingine kama ile, na mkate mweupe. Mchana sima nyeupe, mlima mzima, na mchicha kidogo pembeni. Alasiri chai ya tatu. Magharibi soda ya nusu lita kwa sababu ya joto. Usiku wali, au chapati.

Akachukua karatasi, tukahesabu pamoja. Chai tatu, vijiko vinne kila kikombe, ni vijiko 12. Soda ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50, nazo ni kama vijiko 12 vingine. Jumla vijiko 24 kwa siku, na mahamri bado hatujayagusa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015, kwamba sukari ya kutia isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama vijiko 12, na likasema ni bora zaidi kama havizidi sita. Mimi nilikuwa nakula haki ya watu wawili, au wanne. Na ile damu ya kidoleni ilionyesha kwamba nina kisukari, nami nilikuwa sijui. Mizani ilisema kilo 98.

Sasa nataka tuelewane juu ya huu unga. Punje ya hindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huitwa pumba. Ndani upande wa chini kuna kiini, ndicho kinachoota, nacho kina mafuta na vitamini. Sehemu iliyobaki, kubwa kuliko zote, karibu yote ni wanga. Kinu kikubwa huondoa pumba na kiini, kikabakiza ule wanga, kikausaga laini ukawa mweupe kama chokaa. Sababu moja ya kufanya hivyo ni biashara: yale mafuta ya kiini huchacha, kwa hiyo unga wenye kiini haukai dukani muda mrefu. Na ile pumba na kile kiini havitupwi, ndugu zangu. Huuzwa vikawa chakula cha ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hupata sehemu ya afya, na mfanya kazi hununua kilichobaki katika pakiti nzuri ya kilo mbili.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye vinu kutia vitamini na madini katika unga wa pakiti. Hilo ni jambo jema. Lakini pumba haikurudishwa. Nayo pumba ndiyo inayofanya chakula kiingie katika damu polepole. Ikiondolewa, sima hugeuka sukari upesi. Vivyo hivyo mkate mweupe, mahamri, chapati na wali mweupe. Ulimi hausikii utamu, lakini damu inajua.

Palikuwa na madaktari wawili waliofanya kazi Mulago, Kampala, Hugh Trowell na Denis Burkitt. Huyo Trowell alianzia kazi yake hapa Kenya mwaka 1929. Waliona kwamba magonjwa yaliyokuwa mengi Ulaya, kama kisukari na maradhi ya moyo, yalikuwa nadra katika hospitali zetu siku hizo, wakasema sababu moja kubwa ni chakula chetu kisichokobolewa. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo. Tazameni basi: wageni walijifunza ubora wa chakula cha babu zetu, na sisi tukakiacha tukikiita chakula cha shamba. Mimi nimo katika hao walioacha.

Mtu ataniuliza, sukari na goti vinakutana wapi? Nami nilimwuliza dada yule hivyo hivyo.

Njia kubwa ni uzito. Kijana akibeba magunia kutwa, wanga huo huungua. Mzee amekaa barazani, lakini sahani ni ile ile ya enzi za gunia, na kinachozidi hugeuka mafuta kiunoni. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa taarifa juu ya wazee wanene wenye maumivu ya magoti. Waliona kwamba mtu akipungua kilo moja, goti lake hupunguziwa mzigo kama wa kilo nne katika kila hatua. Sisi wachukuzi hesabu ya mzigo tunaielewa. Mimi nimepungua kilo 9 katika mwaka mmoja na nusu. Basi kila nikikanyaga, goti langu limetuliwa kama kilo 36. Si mfuko mzima wa saruji, lakini ni zaidi ya nusu yake, na hatua za siku moja ni maelfu.

Lakini mafuta hayo si mzigo tu. Yenyewe hutoa vitu katika damu vinavyochochea uvimbe na joto katika viungo. Ndiyo maana watu wanene huumwa zaidi hata viungo vya vidole vya mikono, na hakuna mtu anayetembelea mikono. Tena sukari ikiwa nyingi katika damu kwa miaka, hushikamana na zile nyuzi zinazofunga viungo, zikakakamaa. Wenye kisukari hupatwa mara nyingi kuliko wengine na ule ugonjwa wa bega kuganda, hata mtu hawezi kuvua shati.

Liko pia jongo, linalomkamata mtu usiku kwenye dole gumba la mguu, shuka likimgusa analia. Wengi hulaumu nyama na pombe, na ni kweli, hasa maini, figo na bia. Lakini vinywaji vitamu navyo huongeza ile asidi inayoleta jongo. Mtu ameacha bia kwa ajili ya mguu, kisha anakunywa soda tatu kwa siku, halafu anashangaa.

Mtu asitoke hapa akasema mzee amesema sima inavunja magoti. Sikusema hivyo. Maumivu ya viungo yana sababu nyingi: umri, kuumia, ukoo, na kazi. Liko jingine linaloshambulia viungo vya mikono yote miwili, na kila asubuhi mtu huamka amekakamaa kwa muda mrefu. Hilo lina dawa zake na halingoji. Na kiungo kimoja kikivimba ghafula, kikawa cha moto na mwili una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hapo kwenye neno kazi nataka kusimama kidogo, Bwana Mwenyekiti, maana hapa ni chama na si kliniki. Kubeba mizigo mizito na kupiga magoti miaka mingi huharibu magoti. Madaktari wanalijua hilo. Nilipokwenda kwa tajiri wangu wa mwisho kuuliza juu ya goti, ofisa mmoja alinitazama tumbo, akasema, "Mzee, punguza sima." Alicheka, na wenzake wakacheka. Miaka 38 ya kazi ikajibiwa kwa kicheko. Kwa hiyo nawaonya ninyi mlio kazini: haya ninayosema juu ya chakula yasije yakageuzwa kuwa kisingizio. Iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo. Ukiumia, siku ile ile toa taarifa, iandikwe, upate karatasi, na nakala moja mlete hapa ofisini kwa Bwana Katibu. Mimi sikuwa na karatasi hata moja.

Na tuseme kweli juu ya mahamri. Mfanya kazi hali mahamri manne kwa ulafi. Hula kwa kuwa ni rahisi, yanashibisha upesi, na wakati wa kupumzika ni mfupi. Mbaazi zinataka kukaa ule. Kama kantini ina chai iliyokwisha tiwa sukari katika birika, mkate mweupe, na soda, mtu atakula nini? Basi naomba kamati, mtakapokaa na matajiri kwa ajili ya mapatano mapya, muweke neno la kantini: maharagwe au kunde kila siku, maji safi ya kunywa, na chai isiyotiwa sukari, kila mtu atie mwenyewe. Haya si maombi ya anasa.

Mimi sikuacha sima. Mtu wa Pwani akiacha sima na wali atakula hewa. Nilipunguza mlima ukawa kichuguu, na mboga ikachukua mahali palipobaki. Mke wangu hununua mahindi makavu akayapeleka kinu cha mtaani yasagwe na pumba yake, na mara nyingine huchanganya na mtama. Hapa angalieni sana: mahindi yawe makavu, yasiwe na ukungu hata kidogo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Mashariki ya Kenya kwa sumu ya ukungu wa mahindi. Asubuhi mahamri ni mawili, na mbaazi ni nyingi. Siku nyingine hutafuta mkate wa mofa. Dagaa na mayai nimeongeza, kwa kuwa mzee hupungukiwa na nyama ya mapaja, na goti lisilo na nyama ya kulishika hutikisika. Chai nilipunguza kijiko kimoja kila mwezi. Mwezi wa kwanza niligombana na watu wote nyumbani.

Pamoja na hayo natembea alfajiri mpaka Mama Ngina, polepole. Na nikiwa kitini nanyoosha mguu mmoja mbele, nauweka hapo nikihesabu mpaka kumi, nashusha, kisha wa pili. Chakula peke yake hakitoshi. Huko Marekani mwaka 2013 walitoa taarifa ya watu 454 wenye magoti mabovu, waliofuatwa miezi 18. Waliofanya mazoezi na kupunguza chakula pamoja walipata nafuu kuliko waliofanya mazoezi tu.

Mwenye kisukari anayekunywa dawa au kudungwa insulini asikate chakula ghafula, maana sukari inaweza kushuka akaanguka. Azungumze kwanza na daktari wake, dawa ipimwe upya. Na vile vidonge vya maumivu vya dukani, msivifanye njugu kama nilivyofanya mimi. Huumiza tumbo na figo.

Goti langu halikuwa jipya. Likikaa muda mrefu bado linalia kama bawaba. Lakini ngazi nashuka uso mbele, na vidonge navitafuta mara chache kwa mwezi.

Bwana Katibu ananionyesha saa. Wauguzi wa kliniki wamekubali kuja Jumamosi hii hapa ukumbini kupima sukari, presha na uzito. Wanachama na wake zao, na waume zao, waje asubuhi kabla ya kula. Chai ya leo iko pale mlangoni. Nimemwomba mama asitie sukari katika birika. Sukari iko kwenye bakuli, na kijiko nimechagua kile kidogo.