Dinari Mbili na Ahadi ya Kurudi



Katika Injili ya Luka, sura ya 10, twasoma habari za Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi. Wahubiri wengi hukaa sana kwenye mafuta, divai na punda, wakaupita upesi mwisho wake. Kesho yake Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku 2, akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Alijua kwamba jeraha lile halingepona kwa siku moja.

Nasi tunao wagonjwa wa namna hiyo. Mwenye malaria humeza dawa siku 3 akapona. Mwenye sukari au presha hununua dawa kila mwezi, maisha yake yote. Hutoka kwa daktari na cheti mkononi, akifika dukani anauliza bei, anakikunja cheti na kukitia mfukoni. Tumewaona mume na mke wakigawana paketi moja, leo huyu, kesho yule. Naye kijana wa hoteli pale Diani, wageni wakipungua mwezi wa Aprili, kazi husimama, na makato ya bima nayo husimama. Sukari haijui msimu.

Tufanye nini basi? Kwanza tumsaidie kukisoma cheti chake. Dawa nyingi zina majina mawili, jina la dawa yenyewe na jina lililotiwa na kampuni. Sote twaijua Panadol; dawa yenyewe ni parasetamoli, na kwa jina hilo huuzwa kwa bei ndogo zaidi. Metfomini ya sukari na amlodipini ya presha ni vivyo hivyo. Kumwuliza mfamasia kama ipo dawa ile ile ya bei nafuu si aibu wala si kuombaomba. Ila aulizwe mfamasia aliyesajiliwa, wala mgonjwa asibadili dawa kwa shauri la jirani, wala la mchungaji.

Tena kuna jambo la bima. Tangu Oktoba 2024 ule mfuko wa NHIF haupo tena. Mahali pake pana Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ingawa wazee wengi wangali wanaitunza kadi ya zamani sandukuni. Kujiandikisha hakulipiwi, na aliyejiandikisha ana haki ya kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Basi aanzie huko kabla ya kutoa nauli ya kwenda hospitali kubwa. Mchango wenyewe kwa asiyeajiriwa huanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 kwa mkulima aliyekosa mvua ni mlima. Hapo kikundi chaweza kumlipia, naye akarudisha kidogo kidogo baada ya mavuno.

Makanisa si wageni wa kazi hii. Mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya walianzisha kwa pamoja MEDS, shirika la kununua dawa muhimu kwa wingi na kuzifikisha katika hospitali na zahanati za misheni kwa bei nafuu.

Kwa hiyo tunawaomba Umoja wa Akina Mama wa kila kanisa waandike wagonjwa wa dawa za kila mwezi katika mtaa wao, Wakristo na Waislamu. Daftari hilo alishike mtu mmoja mwenye siri, wala lisisomwe kanisani. Sadaka ya wagonjwa isiishe yote kwa siku moja, bali igawanywe kwa miezi 12. Na mama atakayepeleka dawa mwezi huu, kabla hajaondoka mlangoni, amtajie mgonjwa tarehe atakayorudi.