Mtoto Akiuliza, Tusimzime

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari)



Shukrani zote zamstahikia Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, mada niliyopewa ni falsafa kwa watoto wadogo. Najua kuna walioshakunja nyuso. Falsafa? Tena kwa mtoto wa miaka saba ambaye hata Alam Tara hajaihifadhi sawasawa? Nivumilieni kidogo.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa na umri huo huo wa miaka saba, nilimuuliza ustadhi wetu madrasa: "Allah ametuumba sisi, na Yeye ameumbwa na nani?" Wallahi sikuwa na ujeuri. Nilitaka kujua tu. Jibu lilikuwa bakora mbili na kuamrishwa nilete istighfari mbele ya wenzangu. Simlaumu, alikuwa akinihofia. Lakini siku ile nilijifunza jambo moja tu: kwamba kuuliza ni dhambi. Swali lenyewe halikutoka. Lilikaa ndani, likanyamaza.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye madrasa hiyo hiyo tulikutana tena chuo kikuu. Alikuwa ameacha kuswali. Nilipomuuliza sababu, hakunitajia kitabu wala hoja. Aliniambia, "Maswali yangu nilianza kuyauliza huku, kwa sababu kule yalikuwa hayaulizwi." Ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta hapa leo. Mtoto tunayemnyamazisha halipotezi swali lake. Hulipeleka kwengine.

Sasa tuangalie Mtume (S.A.W.) alifanyaje. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba siku moja alikaa na maswahaba akawauliza: ni mti gani usiopukutika majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu? Watu wakaanza kuwaza miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alijua moyoni kwamba ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza babake, Umar (R.A.) alimwambia kwamba lau angelisema, ingelimfurahisha zaidi kuliko mali kadhaa.

Hebu zingatieni. Mtume angeliweza kuwaambia moja kwa moja. Aliuliza, akawaacha wafikiri, na mtoto alikuwamo barazani. Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili: "Kitendawili!" "Tega!" Na babake mtoto hakusema "vizuri ulinyamaza". Alisikitika kwamba mwanawe alinyamaza! Kila ukishika tende wakati wa kufuturu, kikumbuke kisa hicho.

Na lile swali langu la bakora? Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilitaja. Alitahadharisha kwamba shetani humjia mtu na kumuuliza nani kaumba hiki na kile, hadi afike kwa Mola wake, na akafundisha mtu ajikinge kwa Allah na akome. Na maswahaba walipomlalamikia kwamba hupata nafsini mwao mawazo mazito mno kuyatamka, aliwaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Hakupigwa mtu. Basi mtoto akikuuliza, mkalishe. Mwambie: kilichoumbwa ndicho kinachohitaji muumba. Je, asiyeumbwa? Kisha msomee Suratul Ikhlas anayoisoma kila siku, umuonyeshe kwamba jibu analo mdomoni mwake.

Huenda mtu akasema, "Lakini Imam Ghazali aliwapinga wanafalsafa." Ni kweli. Lakini huyo huyo Ghazali, katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal, ameeleza kwamba tangu ujana wake alikuwa na kiu ya kuutafuta uhakika wa mambo, hataki kufuata tu. Alizipinga hoja kwa hoja. Na mimi sisemi tuwasomeshe watoto vitabu vya Wayunani. Nasema tuwazoeshe kufikiri: kuuliza, kutoa sababu, kumsikiliza mwenzao, na kubadilisha rai wanapoona hoja iliyo bora.

Wenzetu Marekani wameliwekea jambo hili utaratibu. Profesa Matthew Lipman, aliyekuwa akisomesha falsafa Columbia, New York, aliona kwamba kumsubiri mtu mpaka afike chuo kikuu ndipo afundishwe kufikiri ni kuchelewa. Akaandika hadithi za watoto zenye maswali ndani yake, na mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya kazi hiyo huko Montclair, New Jersey. Utaratibu wake ni mwepesi: watoto hukaa duara, husoma kisa, huuliza maswali yao wenyewe, huchagua moja, kisha hulijadili. Mwalimu hatoi hotuba. Kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" na "wamaanisha nini?" Hapa kwetu Kenya pia, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa shuleni mwaka 2019 umeweka kufikiri kwa kina miongoni mwa stadi zake kuu. Isiwe shuleni mtoto aambiwe fikiri, akirudi nyumbani aambiwe nyamaza.

Nilijaribu kwetu, hapo kibarazani, baada ya Alasiri. Mwana wa dadangu, miaka minane, alikuwa amekunywa maji kwa kusahau. Akalia. Mamake akamwambia saumu yake haikuvunjika. Akatulia, kisha akanigeukia: "Mjomba, mwenzangu jana alikunywa kusudi, yake ikavunjika. Maji si ni yale yale, na tumbo ni tumbo?"

Nilitaka kusema "ndiyo sheria". Nikajizuia, nikauliza: "Nyinyi mwaonaje?"

Dadake akasema, "Yule alijua, wewe hukujua."

Mtoto wa jirani: "Na mtu akijifanya amesahau?"

"Hatujui sisi, lakini mwenyewe yuwajua. Na Allah yuwajua."

Akadakia mdogo wao: "Kumbe saumu haiko tumboni. Iko moyoni!"

Nikafurahi, nikadhani tumemaliza. Yule mwenye swali akasema: "Kama iko moyoni, basi si tule tu, tutie nia?"

Wallahi sikuwa na jibu la haraka. Dadangu, aliyekuwa akikunja sambusa mlangoni, ndiye aliyesema: "Ukinipenda moyoni, na nikikutuma dukani wakataa, nitajuaje wanipenda?" Wakanyamaza, wakafikiri. Mpaka adhana ya Magharibi walikuwa bado wabishana, na hakuna aliyelalamika njaa.

Hapo walizungumza juu ya nia, ukweli na amali. Hiyo ndiyo falsafa, bila kuitaja jina.

Ukitaka kuanza nyumbani, shika haya machache. Azungumze mmoja, wengine wasikize. Anayesema atoe sababu. Tupinge neno, tusimtukane aliyelisema. Asichekwe mtoto kwa swali lake. Na mkubwa asiogope kusema "sijui, twende tukaulize". Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, imepokewa kwamba aliulizwa maswali mengi na mengi yake akajibu kuwa hajui.

Mipaka ipo pia. Halali na haramu hatuzipigii kura kibarazani, na mambo ya ghaibu akili ina mahali inaposimama. Lakini mtoto aujue mpaka kwa kuelezwa, asiujue kwa bakora.

Basi wewe kijana mwenye wadogo nyumbani, usingoje semina. Leo kabla ya Magharibi waite, wape kisa kimoja, kisha waambie wao ndio waulize. Na lile swali litakalokutia jasho, hilo ndilo ulishukuru kwamba umeulizwa wewe, hakuulizwa mtu baki.

Twamuomba Allah atutakabalie saumu zetu, awape watoto wetu elimu yenye manufaa na ndimi zisizoogopa haki. Amin.